Shajara ya Benz 280 SE: kuitafuta rangi namba 906

Oktoba, mwanzoni

Gari limeingia gereji jana jioni likivutwa kwa kamba. Ni Mercedes-Benz 280 SE ya mwaka 1970, umbo la W108, lile alilolichora Mfaransa Paul Bracq. Namba ya chesisi inaanza na 108018-22. Tarakimu sita za mwanzo ni modeli, 2 inayofuata ni usukani wa kulia, na 2 ya pili ni gia za otomatiki. Mtu anayetaka kununua Benz ya umri huu aijue hesabu hiyo kabla hajatoa hata shilingi, kwa sababu kromu hubadilishwa na viti hushonwa upya, lakini namba hiyo ikipishana na gari lililo mbele yako, kuna hadithi hujaambiwa.

Injini ni ya silinda sita, sentimita za ujazo 2,778, na pampu yake ya Bosch ya kupulizia petroli kwenye injini bado ipo. Inazunguka. Mengine ya injini yatakuwa na daftari lake. Humu naandika rangi tu, na kutu pale inapoingilia rangi.

Kwa sasa gari ni jeusi, na weusi wenyewe ni wa haraka haraka. Rangi imepanda juu ya mpira wa kioo cha mbele na imeganda kwenye bawaba za milango. Kando ya dirisha la nyuma, mtu hakujisumbua hata kuutoa ukanda wa kromu, aliupulizia hapo hapo kisha akaukwangua. Wote waliopita getini wamenipa ushauri mmoja: iache nyeusi, Benz ya zamani ni nyeusi, hilo ni gari la waziri. Enzi za Wabenzi zimetuachia picha hiyo vichwani, na sishangai. Lakini orodha ya Daimler-Benz ya miaka hiyo ilikuwa na mambo mengine kabisa: 050 nyeupe, 268 kijani iliyokoza, 408 kahawia ya Havana, 568 nyekundu ya kuwaka, 904 bluu ya usiku wa manane, 180 fedha ya metaliki. Kulikuwa pia na 623, krimu ya pembe za ndovu, ambayo mwaka 1971 ilifanywa rangi ya lazima ya teksi za Ujerumani Magharibi. Hiyo ya mwisho naiandika kwa ajili ya rafiki yangu anayenisukuma niipake gari krimu "ionekane ya kistaarabu".

Nyeusi nayo ilikuwamo, namba 040. Kwa hiyo la kujua kwanza ni kama gari hili lilitoka kiwandani Sindelfingen likiwa 040 au la.

Oktoba, wiki hiyo hiyo

Halikutoka hivyo.

Kwenye upau wa mbele, juu ya rejeta, W108 ina kibati kidogo chenye namba ya bodi na namba ya rangi. Changu kilikuwa kimepulizwa nyeusi pamoja na kila kitu kingine. Fundi alikuwa ameshashika msasa, nikamzuia. Herufi za vibati hivi hazikugongwa kwa kina, na msasa ukipita umefuta ushahidi. Tumeilainisha nyeusi kwa dawa ya kutoa rangi, tone kwa tone, kwa pamba iliyozungushwa kwenye kijiti. Ikatokea: DB 906.

DB ni Daimler-Benz, na 906 ni Graublau, yaani kijivu kilichoingia ubuluu. Si ya metaliki. Ni rangi tambarare ya enzi zake, tabaka moja bila klia juu, yaani bila ile vanishi angavu ya kung'arisha.

Kibati lakini ni kibati. Kina skrubu, na chenye skrubu huhamishwa. Nimeomba nakala ya kadi ya data kutoka hifadhi ya Mercedes-Benz Classic, Ujerumani. Kila gari lilikuwa na kadi yake kiwandani: chesisi, injini, gia, rangi, kitambaa cha viti, vifaa vya ziada na nchi lilikopelekwa. Nasubiri jibu.

Novemba

Wakati nasubiri nimekusanya mashahidi.

Logibuku ya zamani, ile ya karatasi iliyokuja na gari, inasema kijivu.

Dereva aliyeliendesha Nairobi miaka ya sabini yuko hai, anaishi Likoni. Nilivuka feri kwenda kumwona.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hiyo gari bado iko? Basi mlilipaka nyeusi kwa nini?"

Nikamwambia si mimi, ni aliyelinunua baadaye, alitaka kulikodisha harusini. Akacheka, akasema lilikuwa bluu. Nikamuuliza bluu gani. Akanyoosha mkono upande wa ufuo wa Shelly. "Bluu ya bahari pale, alfajiri, kabla jua halijatoka. Mchana lilikuwa jengine."

Familia ya mmiliki wa kwanza ilinipa picha ya rangi, gari limeegeshwa mbele ya nyumba. Pichani gari ni zambarau. Si utani. Ukiwa na picha zilizosafishwa miaka ya sabini nyumbani, zitazame: nyingi zimegeuka wekundu wekundu. Picha hizo hujengwa kwa rangi tatu, ya samawati, ya waridi na ya manjano, na ile ya samawati ndiyo mara nyingi hufa kwanza, hata albamu ikiwa imefungwa kabatini. Gari la kijivu-bluu likinyang'anywa samawati linabaki na zambarau ya ajabu. Nimeiweka picha kwa sababu nyingine: inaonyesha wilkepu zilikuwa na duara la rangi ya bodi, kama kiwanda kilivyotoa, na kwamba paa lilikuwa rangi moja na milango. Kwa hayo picha ni shahidi mzuri. Kwa rangi yenyewe, haifai.

Kwa hiyo nina kijivu, bluu na zambarau, na wote watatu wamesema kweli kwa kadiri walivyoona.

Novemba, mwishoni

Kadi imefika. 906 imo, na viti ni MB-Tex, ile ngozi ya kutengenezwa, rangi ya konyaki. Inalingana na mabaki yaliyo chini ya kiti cha nyuma. Kibati hakikuhamishwa.

Rafiki yangu wa krimu aliponiuliza kama sasa nimemaliza, nilimwambia ndiyo kwanza naanza. Kadi inasema kiwanda kilikusudia nini, lakini haimwambii mchanganyaji aweke gramu ngapi za nini. Nilikwenda na namba 906 kwenye maduka mawili ya rangi hapa Mombasa, nisiyataje. La kwanza lilinitolea bluu changamfu inayofaa mlango wa duka la chumvi. La pili lilitoa kijivu cha meli ya kivita. Yote mawili yalikuwa na namba ile ile kwenye karatasi iliyobandikwa juu ya kopo.

Hakuna aliyenidanganya. Namba hii ina zaidi ya miaka hamsini. Fomula ya mwanzo iliandikwa kwa ajili ya rangi za kuokwa kiwandani, kwa chembe za rangi ambazo nyingine hazitengenezwi tena, hasa zile zenye madini ya risasi. Kila kampuni ya rangi imeitafsiri fomula hiyo kutoka mfumo wake wa zamani kwenda mpya, na mpya kwenda mpya zaidi, na kila tafsiri husogea kidogo. Isitoshe, namba moja huwa na vibadala: magari yalitoka kiwandani yakipishana kidogo hata siku yakiwa mapya, na wenye kampuni za rangi wakaweka fomula kadhaa chini ya namba moja, moja ya ubuluu zaidi, nyingine chafu zaidi, nyingine nyepesi. Mchanganyaji asipouliza, kompyuta humpa ya juu kabisa kwenye orodha.

Kwa hiyo namba peke yake haitoshi. Lazima gari lenyewe liseme.

Desemba

Mwezi huu wote ni wa kutafuta rangi ya kiwandani iliyobaki, na nitakuwa mrefu hapa kwa sababu ndipo watu wengi wanapopita mbio.

Tulianza na kipimo cha unene. Rangi ya kiwandani kwa kawaida huwa karibu maikroni 100 hadi 150 (maikroni elfu moja ni milimita moja). Paa lilitoa namba za mara mbili ya hapo, maana yake nyeusi juu ya ya asili, na hakuna fila, ule udongo wa kuzibia mabonde ya bati. Madigadi ya mbele kushoto yalipanda hadi kipimo kikakataa kusoma. Hapo kuna fila ya kutosha kujenga choo. Tumeyaandika madigadi hayo kwenye orodha ya fundi bati na hatutayauliza kuhusu rangi.

Halafu tulifungua dirisha kwenye nguzo ya nyuma: msasa wa maji namba 800 kwenye eneo la ukubwa wa shilingi kumi, kisha 1500, kisha 2000, kwa duara linalopanuka, ili kila tabaka liache ukingo wake. Kutoka juu: nyeusi, praima nyekundu ya bei rahisi, halafu kijivu-bluu, halafu praima ya kiwandani, halafu chuma. Tabaka moja tu la nyeusi juu ya moja la asili. Gari hili halijapakwa mara nyingi, ila lilipakwa vibaya.

Rangi iliyotokea pale lakini siiamini. Kabla ya kupakwa nyeusi, paa na nguzo zilikuwa zimekaa juani miaka mingi. Jua hula utomvu unaoshika chembe za rangi, na chembe hubaki juu zikiwa unga mweupe. Halafu aliyepaka nyeusi alipiga msasa mkavu juu yake. Ukiisoma rangi hiyo kwa macho utasema ni nyepesi na ya kijivu zaidi kuliko ilivyokuwa. Nadhani ndivyo karani wa logibuku alivyoliona.

Tukaenda mahali jua lisipofika. Kwenye W108, hizi ndizo sehemu zangu:

Nyuma ya bakuli za taa za mbele, zile kubwa za kusimama. Ukizitoa unapata rangi pande zote, lakini hapa pwani chumvi imeshatangulia. Zangu zilikuwa kutu tupu.

Chini ya kadibodi ya buti. Nzuri sana upande wa kulia, upande wa kushoto maji ya gurudumu la akiba yalishakula.

Nyuma ya sanduku la glavu, ndani ya dashibodi.

Chini ya vibati vya alumini vya vizingiti vya milango.

Na nyuma ya namba ya gari ya nyuma. Kwenye umbo hili mdomo wa tangi la petroli umefichwa nyuma ya kibao cha namba, na kijimlango chake kina upande wa ndani ambao aliyepaka nyeusi hakuufikia. Petroli imeacha madoa, lakini pembeni rangi ilikuwa laini, inang'aa.

Sehemu moja niliyoikwepa makusudi ni chumba cha injini, ingawa nacho kilipakwa rangi ya bodi. Joto la miongo mitano limeipika rangi pale hadi imekuwa ya kahawia.

Vipande vyote vya gizani vilikubaliana, na vyote vilinitia mashaka. Vilikuwa na ukijani kidogo. Bluu yenye ukijani si Graublau ninayoijua kutoka magari mengine. Fundi rangi alitaka tuchukue hiyo hiyo: "Ndiyo ya kiwandani, yakhe, imekaa imefunikwa, wataka nini tena?"

Ninachotaka ni hiki. Utomvu wa rangi za enzi hizo, hasa za alkidi, hugeuka manjano ukikaa gizani. Ndiyo sababu mlango mweupe wa kabati huwa wa manjano upande wa ndani kuliko wa nje. Na manjano juu ya bluu ni kijani. Uzuri ni kwamba manjano ya gizani hurudi nyuma yakipata mwanga. Kwa hiyo nimekifungua kijimlango cha petroli, nimekiosha kwa sabuni na maji, nikakiweka juu ya bati la banda, nusu imefunikwa kwa karatasi ya fedha na nusu wazi. Kitakaa huko siku kadhaa. Majirani wanadhani nakausha samaki.

Desemba, kabla ya mwaka mpya

Mstari unaonekana. Nusu iliyokuwa wazi imepoteza ukijani, nusu iliyofunikwa bado inao. Tofauti ni ndogo, ukiwa na haraka huioni, lakini ukishaiona haifutiki machoni. Fundi ameitazama, akainama tena akaitazama, akasema, "Basi tupeleke hiyo."

Nimeipolishi nusu hiyo kwa mkono, polepole, kwa polishi isiyo na nta. Nta na silikoni huongeza kina cha rangi na kukidanganya kipimo.

Januari

Kijimlango kimekwenda Nairobi kwenye duka lenye spektrofotomita. Kifaa hiki hupiga mwanga juu ya rangi na kusoma unaorudi, wimbi kwa wimbi, kisha hulinganisha na fomula zilizomo kwenye kumbukumbu yake. Kinahitaji sehemu bapa, safi, ya ukubwa wa sarafu, ndiyo maana kipande kidogo kinachofunguka ni mali. Gari zima usingelisafirisha kwa kazi hiyo.

Kilichagua kibadala ambacho hakikuwa juu ya orodha: chafu zaidi kidogo kuliko fomula ya kawaida ya 906, yaani nyeusi imeongezwa tone. Nikaomba kibadala hicho kipulizwe kwenye kadi, si kuchovya kijiti. Rangi ya kijiti kilichochovywa ni nene na haifanani na rangi iliyopulizwa. Nikaomba pia kadi za jirani zake wawili, mmoja wa ubuluu zaidi na mmoja wa kijivu zaidi, maana jicho haliwezi kuhukumu rangi moja likiwa peke yake.

Nimezirudisha kadi Mombasa na kuzitazama kwa taa zote ninazoishi nazo. Jua la saa sita. Kivuli cha mwembe. Taa ndefu ya mrija gerejini. Asubuhi mapema. Hapa ndipo kadi ya kwanza ilipoanguka: juani ilikuwa sawasawa na kijimlango, chini ya taa ya mrija ikageuka zambarau. Rangi mbili zaweza kukubaliana chini ya mwanga mmoja na kukosana chini ya mwingine, kwa sababu zimejengwa kwa chembe tofauti. Zilizotumika 1970 sizipati zote, kwa hiyo makubaliano kamili chini ya kila taa hayapo. Nimeamua jua na kivuli cha mchana ndivyo vitawale, taa ya mrija ivumiliwe. Taa za sodiamu za barabarani, zile za machungwa, sizihesabu. Chini yake bluu zote hugeuka nyeusi, na kila Benz huwa ya waziri.

Kadi iliyobaki ilikuwa ya katikati, ile ya kipimo, na mchanganyaji akapunguza nyekundu kidogo. Nikaipeleka Likoni. Mzee aliishika, akatoka nayo barazani, akaigeuza geuza.

"Ndiyo. Lakini hapa ndogo. Gari likiwa kubwa itakuwa na nuru zaidi."

Na yuko sawa. Rangi ile ile kwenye kadi huonekana nzito, kwenye boneti huonekana nyepesi na changamfu. Ndiyo sababu sikusogeza fomula ili kadi "ipendeze". Kadi ilingane na kijimlango, basi.

Machi

Mabishano ya mwezi ni klia.

Fundi wangu ni mzuri na mikono yake naiheshimu, lakini amezoea magari ya kisasa: rangi ya msingi, halafu klia juu, halafu kioo. "Bila klia haitang'aa bosi, na jua la hapa litaila." La jua ana hoja. Klia nzuri ina kinga ya mionzi. Lakini 906 tambarare yenye klia juu haifanani na gari la 1970 hata fomula iwe sahihi kwa asilimia mia. Kwenye tabaka moja mwanga hugonga rangi yenyewe juu kabisa. Kwenye klia hupita kwanza ndani ya kitu kisicho na rangi, ukaona kina cha maji kati yako na bluu. Macho ya kawaida hayatakwambia kwa nini, yatasema tu gari "linaonekana jipya". Nimeona W108 nzuri zikiharibiwa hivyo, kwa pesa nyingi.

Tumekubaliana: rangi ya 2K, yaani ya kuchanganywa na hadena ya kuigandisha, ya tabaka moja, ya mfumo ambao bado unatengenezwa kwa ajili ya kazi hizi. Si rangi ya kuokwa ya 1970, hilo najua, na nyuzi joto za tanuri la Sindelfingen hatuna. Inavumilia jua kuliko ile ya zamani, na ikikwaruzwa inapolishiwa bila kutoboa klia. Kinga ya jua itatoka kwenye banda na turubai.

Jambo la afya, nalisema mara moja na kwa ukali. Rangi za miaka hiyo zaweza kuwa na risasi, kwa hiyo hakuna msasa mkavu juu ya tabaka la asili gerejini kwangu: maji, barakoa, na vumbi linafagiliwa likiwa bichi. Hadena ya 2K ina aisosayaneti, kemikali inayodhuru mapafu, na barakoa ya kitambaa hata ya mkaa haitoshi kwenye chumba kilichofungwa. Tumekodi barakoa ya kupelekewa hewa safi kwa mpira kutoka nje. Fundi alilalamika joto. Nimemwambia tutapulizia alfajiri.

Fundi bati amemaliza vizingiti, sehemu za kuingiza jeki, na yale madigadi ya choo. Bati jipya, kuchomelea, fila nyembamba.

Mei

Masika. Hakuna kinachopulizwa. Unyevu unaingia kwenye bomba la kompresa na kutoka na rangi. Tumetumia muda kupiga praima ya epoksi siku za jua na kuhesabu kromu.

Julai

Baridi ya pwani, yaani joto la kustahimilika, na hewa kavu kidogo. Tulimwaga maji sakafuni kutuliza vumbi, tukafunga banda upande wa kusi ili upepo wa bahari usituletee chumvi.

Tulianza na wilkepu. Zina duara la rangi ya bodi, zina mkunjo, ni ndogo, na zingepakwa hata hivyo. Ni jaribio zuri kuliko kipande cha bati bapa, kwa sababu rangi kwenye mkunjo huonyesha upande wake wa giza na wa mwanga kwa wakati mmoja. Tulizikausha, tukaziweka karibu na kijimlango, juani kisha kivulini. Zikapita.

Kisha chumba cha injini, ndani ya buti, kingo za milango. Sehemu hizi nazo zipakwe rangi hiyo hiyo, kutoka mchanganyiko huo huo. Niliagiza rangi yote ya gari kwa mara moja na kuimimina kwenye ndoo moja kabla ya kuanza, kwa sababu makopo mawili ya fomula moja hayalazimiki kufanana.

Halafu nje. Sehemu mbili za rangi kwa moja ya hadena na thina kidogo, kama kopo linavyoagiza, pua ya bunduki ya milimita 1.3. Mkono wa kwanza mwepesi, kusubiri ushike, kisha mkono kamili. Fundi hakuzungumza asubuhi nzima. Paa lilikuja kwanza, halafu boneti, halafu pande.

Agosti

Mabishano mengine, na haya nimeyashinda kwa shida.

Rangi iliyotoka kwenye bunduki ina ganda la chungwa, mawimbi madogo sana unayoyaona taa ikijiakisi juu yake. Fundi alitaka kuyalaza yote kwa msasa 2000 na 3000 hadi paa liwe kioo. Nimemwonyesha upande wa ndani wa kijimlango na ndani ya buti upande wa kulia: rangi ya kiwandani ina mawimbi hayo hayo, madogo, ya sawasawa. Kiwanda hakikukaa kulaza kila mlango. Gari la 1970 lenye uso wa kioo cha duka ni gari la leo lililovaa umbo la jana. Tumelaza vumbi na matone, tukapolishi, tukaacha uso wake. Ameniambia kwamba nikilipeleka Nairobi kwenye Concours d'Elegance pale Ngong, majaji watamlaumu yeye. Nimemwambia nitasimama karibu na gari nikiwa na picha ya buti.

Rangi kwenye gari zima ni vile mzee alivyosema. Asubuhi ni bluu nzito, saa sita mchana inasogea kuwa kijivu, jioni bluu inarudi. Rekodi za NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, bado zinasema nyeusi, kwa hiyo kuna maombi ya kubadili rangi na ukaguzi unanisubiri. Fomu haina Graublau. Nimeandika bluu, maana shahidi aliyelijua gari kwa miaka mingi kuliko karani ni dereva.

Viti vya konyaki viko kwa fundi wa viti. Kromu imekwama kwa mtu mwingine, habari zake si za shajara hii.

Fomula nimeiandika gramu kwa gramu nyuma ya kadi iliyopulizwa, pamoja na jina la mfumo wa rangi na namba ya kibadala, nikaifunga kwenye bahasha nyeusi isiyopitisha mwanga. Kadi ya pili, ya mchanganyiko huo huo, ninayo nje kwenye mwanga, ili nikihitaji kulinganisha siku za mbele nione ipi imesogea. Kwenye barabara za Mombasa tuktuk itaniparura tu, ni suala la lini. Rangi iliyobaki bila hadena iko kwenye kopo lililojazwa hadi ukingoni ili hewa isiwemo. Hadena iliyofunguliwa nimeitupa, ikishapata unyevu haifai. Siku ya tuktuk nitanunua mpya.